Nilivyowafundisha marubani wanafunzi kuzunguka mbuyu kwenye upepo wa Dodoma

Nilipoanza kufundisha urubani nilipewa ushauri ambao hadi leo ukitajwa naudhika: "Wape namba wakariri. Upande huu laza ndege nyuzi 40, upande ule 20, basi." Mwanafunzi wa hivyo, upepo ukigeuka, anabaki ameshika namba za jana. Na saa moja hewani inakula bei ya ng'ombe, si ndama. Mzazi hakuuza mifugo ili mtoto akakariri.

Dodoma ni mahali pazuri sana pa kujifunzia kuizunguka alama ya ardhini kwa mduara mmoja huku upepo ukikusukuma. Kiangazi, hasa Agosti hadi Oktoba, upepo wa mashariki huvuma siku nyingi, na chini kuna alama za wazi: mibuyu iliyosimama peke yake, mashamba ya zabibu yenye kingo zilizonyooka. Wanaotoka Pwani nawakumbusha kwanza altimita, kipima kimo kinachohesabu kutoka usawa wa bahari. Uwanja wetu uko futi 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuruka futi 800 juu ya mashamba ni kusoma 4,500.

Siwaelezi kitu. Namwambia mwanafunzi alaze ndege nyuzi 30, asizibadilishe, auzunguke mbuyu. Kimo hakishuki, mshale wa kasi umetulia, anafurahi. Akimaliza mzunguko anachungulia: mbuyu haupo alipouacha. Mmoja aliniuliza, "Kapteni, mbona mbuyu umehama?" Nikamwambia, "Zunguka tena." Mzunguko wa pili mbuyu ukabaki mashariki kabisa, sisi tunazunguka kichaka cha watu wengine.

Hapo natoa saa. Tunafuata barabara ya vumbi inayokwenda mashariki na magharibi, kipande cha maili moja ya baharini nilichokwisha kukipima kwenye ramani. Mshale wa kasi ukisoma noti 80 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), kwa joto na mwinuko wa huku ndege inapasua hewa kwa kama noti 90. Upepo ukiwa noti 20, kwenda magharibi upepo uko mgongoni, kasi ya ardhini inakuwa 110, na kipande kinaisha kwa sekunde 33. Tukigeuza, kasi ni 70, sekunde 51. Mwanafunzi anabonyeza saa mwenyewe, anautazama mshale ambao haujasogea, anaitazama saa tena. Sijapata maelezo ya ubaoni yanayofika pale sekunde hizo zinapofika.

Baada ya hapo hesabu inaingia yenyewe. Ukilaza ndege kwa nyuzi zilezile, upana wa kona unafuata kasi ya ardhini ikizidishwa kwa yenyewe. Kati ya 110 na 70, kona inatanuka karibu mara mbili na nusu. Ukitaka mduara ubaki mmoja, laza zaidi upepo ukiwa mgongoni, na inyooshe ndege kidogo kidogo unapouelekea upepo. Ukiwa na nyuzi 45 mgongoni (sipiti hapo), ukiukabili upepo utahitaji kama 22. Ndiyo maana huwa namwanzisha upepo ukiwa mgongoni: kona kali zaidi inakuja kwanza, kilichobaki ni kupunguza.

Kwenye shamba la zabibu, tukilizunguka kwa kufuata kingo zake, kuna la ziada. Ukitoka upande wa upepo wa mgongoni kuingia upande wa upepo wa ubavuni, unageuka zaidi ya nyuzi 90, kwa sababu pua lazima ielekezwe kidogo upepo unakotoka. Kona inayofuata, ya kuukabili upepo, ni pungufu ya 90. Huo ndio mzunguko wa kutua, ila hauna lami.

Ninachokisimamia kwa ukali ni macho. Upepo ukiwa mgongoni ardhi inakimbia, mkono wa mwanafunzi unataka kupunguza mafuta au kuinua pua. Ndege haijazidisha kasi hata noti moja hewani. Ukiipunguzia hapo, chini chini na umeilaza, inaweza kukosa mnyanyuo, yaani nguvu ya hewa inayoibeba. Kwa hiyo kila tukipita upande huo anasoma mshale kwa sauti: "Themanini, kapteni." Anayepitiliza kona ya mwisho asiiburute pua kwa pedali za usukani wa mkia, apande, azunguke upya.

Saa za kuruka? Alfajiri hewa imelala, hutajifunza kitu. Mchana joto linairusharusha ndege hadi huoni kama ni upepo au ni mkono wako. Mimi huwapeleka saa tatu hadi saa nne asubuhi, na moshi au vumbi la barabarani hutuonyesha upepo unatoka wapi kabla hatujaukaribia mbuyu.