Kuinua Wengine Ukiwa Bado Chini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Tangu soko letu liungue, Zaburi ya 137 haijaniacha. Ni wimbo wa mateka waliopelekwa Babeli, wakatundika vinubi vyao mitini kwa huzuni, na hali ile naijua. Kwaya inafanya mazoezi, mimi nimekaa nyumbani napiga hesabu za mzigo ulioteketea na mkopo wa vikoba unaosubiri. Watu wananiambia Mungu atafungua mlango, naitikia Amina, lakini Amina yenyewe inatoka kwa shida. Na ule mstari wa nne ndio unaouma kuliko yote: "Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?"

Katika uzito huo ikaingia tarehe 24 Aprili, siku ambayo Waarmenia popote walipo duniani huwakumbuka wafu wao. Hawa ni ndugu zetu wa siku nyingi katika imani. Ufalme wao uliupokea Ukristo rasmi mwanzoni mwa karne ya 4, kabla ya Dola ya Roma. Nimekaa na historia yao wiki nzima, na kilichonishika mkono ni klabu ya michezo.

Tuanzie Konstantinopoli, ambayo leo ni Istanbul. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza vijana wa Kiarmenia wa mji ule walikuwa moto. Michezo ya Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, wanamichezo wawili walioiwakilisha Dola ya Osmani, iliyotawala mji huo wakati ule, Vahram Papazian na Mıgır Mıgıryan, wote walikuwa Waarmenia. Mwalimu mmoja wa michezo, Shavarsh Krissian, alikuwa akitoa gazeti la michezo liitwalo Marmnamarz tangu 1911. Usiku wa 24 Aprili 1915 serikali ya Osmani ilianza kuwakamata viongozi na wasomi wa Kiarmenia mjini humo. Krissian alikuwa kati ya waliokamatwa, na mwaka huohuo akauawa. Kilichofuata ni mauaji ya Waarmenia: watu walisukumwa kwenda jangwa la Siria, na waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya milioni moja na milioni moja na nusu.

Sasa sikilizeni mwaka. Vita viliisha kwa Waosmani mwishoni mwa Oktoba 1918. Mwaka huohuo wa 1918, katika mji uleule walikokamatwa viongozi wao, waliobaki walianzisha Homenetmen, umoja wa Waarmenia wa michezo na skauti. Yatima walikuwa wametapakaa kila mahali. Wajane walikuwa bado wanaulizia waume zao. Na watu hawa, ambao wenyewe hawakuwa na nyumba moja isiyo na msiba, walisema tukusanye watoto, tuwafundishe kukimbia, kupiga gwaride, kucheza kwa timu. Kaulimbiu yao waliyoibeba mpaka leo ni hii: inuka, na uwainue wengine pamoja nawe.

Mmoja wao, Vahan Cheraz, mwanasoka, alikwenda Armenia kufanya kazi ya skauti kati ya watoto yatima. Utawala wa Kisovieti, ulioishika Armenia, haukuutaka umoja huo, na mwaka 1928 yeye mwenyewe akapigwa risasi. Uturuki nako mlango ulifungwa mapema miaka ya 1920. Basi klabu ikatembea na wakimbizi, ikaota tena Aleppo, Beirut, Cairo, Paris.

Hapa ndipo Roho amenikemea, na naona nisiishie na kemeo hilo peke yangu.

Sisi tuna msemo wetu mtamu: "Nikikaa sawa, nitasaidia." Nikimaliza deni. Nikipata fremu nyingine. Mtoto akimaliza chuo. Wapendwa, tumeufanya msemo huo kuwa kama aya ya Biblia, na haumo! Kilichomo ni mjane wa Sarepta, mwenye konzi ya unga katika pipa, anayeokota kuni apike chakula cha mwisho yeye na mwanawe wafe, na nabii Eliya anamwambia, "Nifanyie mimi kwanza mkate mdogo." Kilichomo ni Paulo akiwaandikia Wakorintho kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tupate kuwafariji wengine. Dhiki zetu hizihizi, tukiwa bado ndani yake.

Tuseme ukweli. Soko lilipoungua tulijiorodhesha wenye fremu. Vijana waliokuwa wakitubebea mizigo, wanaosali nasi ibada ya pili, ni nani aliwaandika? Nao walipoteza riziki usiku uleule. Tunakutana kuombeana wafanyabiashara kwa wafanyabiashara, tunalia pamoja, tunatoka tumefarijika, na wao wamekaa kwenye ngazi za kanisa wakitutazama tunapita. Halafu tunashangaa vijana wanaishia kwenye kamari. Na mzee mmoja akisikia vijana wanataka mpira, atakutolea 1 Timotheo 4:8, kwamba kujizoeza mwili kwafaa kidogo. Sawa, baba. Paulo amesema kwafaa. Wape hicho kidogo basi.

Beirut walianza tawi lao 1924. Waarmenia waliishi kambini, kisha wakahamia Bourj Hammoud, wakaita mitaa kwa majina ya miji waliyoipoteza, Marash, Sis. Hawakuwa wamekaa sawa hata kidogo. (Wala wasidhaniwe malaika: mwaka 1921 palikuwa pameshaanzishwa klabu nyingine ya Waarmenia hapohapo, Homenmen, na siasa zilikuwamo. Wenye Simba na Yanga nyumbani mtaelewa.) Lakini timu ya wakimbizi ikaja kutwaa ubingwa wa soka wa Lebanoni mara 7, wa mwisho mwaka 1969, na mwaka 2018 wakachukua ubingwa wa mpira wa kikapu, miaka 100 kamili tangu umoja uanze. Ndiyo Yeremia 29 hiyo, kuutakia amani mji ulikopelekwa. Sitaifafanua leo, itatutosha siku nyingine.

Wewe uliyefiwa, uliyeachishwa kazi, uliyeunguliwa kama mimi: usingoje. Tafuta kijana mmoja kabla ya Jumapili, mwenye jina, umkalishe, umsikilize. Kama una elfu mbili, ni nauli yake. Kama huna, una saa moja.

Mahitaji ya maombi wiki hii: wabeba mizigo wa soko na familia zao, mwenyekiti wa vijana, anafanyiwa upasuaji Jumatano, na makanisa ya Waarmenia kule Lebanoni na Siria. Atakayeongoza maombi Ijumaa ni Mama Mchungaji, tuwahi saa kumi na moja.