Siku moja maishani mwangu: mimi, gereji ya nyumbani na pikipiki ya zamani, Honda CG125

Saa 12 na nusu asubuhi

Naanza na tangi maana ndo kazi iliyolala ikiendelea yenyewe. Jana jioni nililijaza siki nyeupe mpaka mdomoni baada ya kumwaga petroli yote ya zamani na kulisuuza vizuri, tundu la koki nikaziba kwa kizibo cha mpira. Sasa hivi namimina kwenye ndoo, siki iliyoingia nyeupe inatoka nyekundu ya udongo na vipande vya kutu vinafuata. Ndani natumbukiza kipande cha cheni kuukuu nilichofunga waya mwishoni, natikisa mpaka mikono iume. Wengi wanatia nati au kokoto, sawa, ila nati moja ikijificha kwenye kona ya tangi kuitoa ni kazi kweli, cheni wewe unavuta waya tu inakuja yote.

Afu maji, afu maji ya magadi soda kuua asidi iliyobaki, afu maji tena, na hapo hakuna kwenda kujibu meseji kwanza, chuma kilichotoka kusafishwa kikikaa na unyevu kinaanza kuota kutu upya unaangalia hivi hivi. Napuliza kwa drai ya nywele mpaka pakauke kabisa. Drai inatoka nje ya gereji, ndo nafungua petroli, natia kidogo iliyochanganywa na oili na kulizungusha tangi kila upande.

Saa 2 asubuhi

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125, modeli iliyoanza kutoka 1976. Honda waliitengeneza wakijua itaenda kwa watu ambao oili hawabadilishi na filta ya hewa hawaigusi, kwa hiyo wakaacha kamshafti (shafti inayofungua valvu) ya juu yenye cheni yake na kurudi kwenye engine ya pushrodi, vijiti virefu vinavyosukuma valvu kutoka chini, mtindo wa kizamani lakini unavumilia. Hata cheni ya tairi la nyuma wameifunika yote vumbi lisiingie. Hii yangu ilikaa chini ya turubai miaka mingi. Kiki inazunguka, hilo lilinitosha kuichukua.

Saa 3

Skrubu za kava ya pembeni. Hapa niseme kitu maana naona injini nyingi zilizoharibiwa na mafundi wenyewe. Hizi skrubu za Kijapani za zamani ukizitazama unaona msalaba wa kawaida, ila si Philips, ni JIS, kiwango cha Kijapani, na bisibisi ya Philips haikai mpaka chini, ukikaza mkono inapanda juu na kula kichwa. Skrubu nyingi za JIS zina nukta moja ndogo kichwani, ukiiona weka bisibisi yake. Nilizipulizia oili ya kulainisha tangu jana, leo natumia ile ya kugonga na nyundo, tak, tak, zinaachia. Moja tu kaidi, nikaipa joto kidogo, ikatoka.

Saa 4 mpaka saa 6 na kitu

Kabureta imekula muda wangu wote wa asubuhi na wala sijutii. Ukifungua bakuli la chini unakutana na harufu ya vanishi, petroli iliyokaa muda mrefu inaacha ile gundi ya kahawia kila mahali, floti (boya la kabureta) imeshika, sindano yake imeshika. Jeti kubwa inasafishika kirahisi. Shida ni jeti ndogo, ina tundu jembamba kama unywele na ndo inayolisha engine ikiwa taratibu, kwa hiyo ukisikia mtu anasema pikipiki yake inawaka kwa choki tu, ukitoa choki inazima, mara nyingi ugonjwa uko hapo. Niliiinua kuelekea dirishani, giza. Dawa ya kabureta, kusubiri, uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme (usitumie chuma kigumu, utapanua tundu afu utatafuta chanzo cha moshi mweusi usikione), hewa ya pampu, dirishani tena. Giza. Dawa tena. Mwishowe ikaonekana nukta ya mwanga, ndogo lakini ya duara safi, nikaiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika 😄

Njia za hewa ndani ya bodi nazo nazipulizia dawa moja moja huku nimevaa miwani, maana inaingilia hapa inakurukia usoni kupitia tundu usilolitegemea.

Saa 7 mchana

Jirani kapita. "Bosi, unapiga rangi gani, nyeusi au nyekundu?" Kila anayeingia humu anauliza rangi. Nikamwambia bado sana ndugu yangu, engine haijapumua. Akaangalia ile meza ya vipande akacheka akaenda zake. Mi naona rangi ndo inaua miradi mingi ya hivi, mtu anang'arisha tangi mwezi mzima afu anakuja kugundua silinda imekwisha, anapasua kila kitu upya na rangi inachubuka hapo hapo.

Saa 8

Valvu, haraka haraka. Engine iwe ya baridi, unazungusha mpaka alama ya T kwenye rota (gurudumu la sumaku la engine) ilingane, unashika roka zote mbili, zile mikono midogo inayosukuma valvu, zikicheza kidogo upo sawa, zikiwa zimebana upo kwenye mzunguko mwingine, zungusha raundi moja nzima. Nafasi ni 0.08 mm kote, ya kuingiza na ya kutoa. Ya kutoa ilikuwa imebana, nimeilegeza. Plagi mpya nimeipima mwanya wake, 0.6 mpaka 0.7 mm. Oili nimetia yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa sababu klachi humu inaogelea kwenye hiyo hiyo oili ya engine, na baadhi ya oili za gari zina vilainishi vinavyofanya klachi iteleze.

Saa 9

Hakuna moto. Plagi nimeishikisha kwenye hedi (kichwa cha silinda), mbali na tundu lake, napiga kiki, kimya. Watu hapa ndo wanakimbilia kununua CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche) na koili. Subiri kwanza. Kwenye Honda kama hii kuna waya mweusi wenye mstari mweupe unaoenda kwenye swichi ya funguo, na kazi yake ni kuzima, ukizima swichi unaunganishwa na fremu na CDI inanyamaza. Maana yake huo waya ukigusa chuma popote njiani, engine inaamini umeizima. Nikauchomoa kwenye plagi yake, nikapiga kiki, cheche ya buluu hiyo hapo! Nikaufuata kidole kwa kidole mpaka shingoni mwa pikipiki, pale waya zote zinapojikunja ukikata usukani, ganda limeliwa na shaba inabusu fremu. Nikakata kipande kibovu, nikaunga, nikavalisha mpira, nikafunga mbali kidogo na kona.

Saa 10 na nusu jioni

Petroli kwenye chupa ndogo iliyotundikwa juu, tangi bado silitaki. Milango ya gereji wazi yote. Choki, kiki kadhaa, ikakohoa, ikakohoa, ikashika. We acha tu. Inatembea taratibu bila choki, jeti ndogo inafanya kazi yake, na pushrodi zinagonga tik tik tik ile sauti ya CG yenyewe. Ilivyopata joto moshi wa buluu ukaanza, na sio nikiachia mafuta, ni nikivuta. Ungekuja wakati wa kuachia ningeshuku sili za valvu.

Saa 12 jioni

Geji ya kompresheni kwenye tundu la plagi, mkono wa mafuta nimeuvuta mpaka mwisho, napiga kiki mpaka sindano igome kupanda. Iko chini. Natia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu hilo hilo, napima tena, inapanda vizuri tu. Oili imeziba palipokuwa panavuja, kwa hiyo yaelekea ni ringi za pistoni au ukuta wa silinda, sio valvu.

Saa 2 usiku

Nimesafisha spana, nimeziba tundu la plagi kwa kitambaa, bolti nimezitia kwenye mifuko yenye majina. Kesho hedi inatoka. Pistoni siagizi mpaka silinda ipimwe, ya kiwandani ni 56.5 mm na oversaizi (pistoni nene zaidi za silinda iliyopanuliwa) zinapanda kwa 0.25 mm kila hatua, ukinunua kwa kukisia utabaki na pistoni ya pambo la dirishani.