Smati ilianza na maumivu

Hapa Dar hakuna asiyeijua smati, yani ile smart ya Kiingereza. Ukivaa shati limenyooka na suruali ya pasi ukakatiza Kariakoo lazima usikie "braza smati, karibu", na mtoto akivalishwa sare safi jumatatu asubuhi mama ake anamwambia umekua smati mwanangu. Sa mi napenda sana kufuatilia maneno yalikotoka na hili limenishika kwelikweli, maana ukirudi nyuma miaka kama 1000 kwenye kile Kiingereza cha kale, smeart ilikua ni kitu kinachouma. Yani kidonda kinachochoma, fimbo ya mgongoni, hiyo ndo smati yenyewe! Wajerumani ambao lugha yao ina undugu na Kiingereza mpaka leo maumivu wanaita Schmerz, na hata Mwingereza wa leo sabuni ikimuingia machoni bado anaweza kutumia neno hilohilo kusema macho yanachoma.

Ikafikaje kwenye nguo? Taratibu tu. Kinachochoma ni kikali, mwenye maneno makali mara nyingi akili yake inachaji haraka, ndo kufika miaka ya 1600 smati akawa mtu mwerevu, alafu miaka ya 1700 ikahamia kwa waliovaa wakapendeza. Wamarekani wameshikilia zaidi ile ya akili, sisi tuliotawaliwa na Mwingereza tukabaki na ya mavazi, hiyo ya akili imetufikia juzijuzi na smatifoni, ingawa wengi mtaani wanaita simu ya kupangusa na mi jina hilo nalipenda zaidi.

Na Kiswahili chetu kimepita njia hiyohiyo bila kufundishwa na mtu, cheki tu neno kali. Panga kali, pilipili kali, mbwa mkali, jua kali, vyote vinaumiza. Alafu nenda Karume kwenye mitumba umsikie jamaa kapanda juu ya meza anarusha mashati hewani, "kali hiyo, kali hiyo!", hakuna anayekimbia, watu ndo wanazidi kusogea. Kuna ngoma kali, straika mkali, fundi mkali.

Ndo maana wazee wanaosema vijana tunaharibu lugha kwa kuita shati kali mi sikubaliani nao kabisa, shikamoo zao lakini hapana. Wenye Kiingereza chao walifanya hivyohivyo karne tatu nyuma, na neno lao la maumivu leo tunawasifia nalo watoto wakienda shule.