Nilivyojifunza kuwatenganisha minyoo bapa machinjioni

Chupa yangu ya kwanza niliimwaga. Nilikuwa Pemba kwa mafunzo ya vitendo ya mifugo, na kila alfajiri nikienda machinjioni kukusanya minyoo. Nikawatia wote, wazima wazima, ndani ya chupa moja ya spiriti. Jioni nikakuta wamejikunja kama maganda ya kitunguu, hapimiki hata mmoja.

Mchinjaji mmoja mzee akanicheka. "Mwanangu, huyu umemtoa inini au tumboni? Hujui? Basi umeokota taka."

Kesho yake nikaja na vikopo vitatu: ini, tumbo kubwa, utumbo. Safari hii niliwaweka kwanza kwenye maji baridi mpaka wakalegea, nikawabana katikati ya vioo viwili, ndipo nikatia spiriti.

Wa ini walitoka kwenye mirija ya nyongo iliyokakamaa hata kisu kikikwaruza. Bapa kama jani. Nikampima mmoja kwa rula: milimita 46, ubavu na ubavu sambamba, mabega hana. Mnyoo wa ini aitwaye Fasciola hepatica ni mfupi, kiasi cha milimita 30, ana mabega, na kwao ni kwenye baridi. Huyu basi ni Fasciola gigantica, wa nchi za joto kama kwetu.

Wa tumbo kubwa ndio walionichanganya. Wanene, wekundu, wameganda ukutani kama punje za kukumanga. Ungeapa si minyoo bapa. Nikampasua mmoja kwa wembe. Fasciola vinyonyeo vyake viwili, vya kujishikizia, viko mbele. Huyu kimoja, tena kikubwa, kiko nyuma kabisa. Jamii ya Paramphistomum.

Yakabaki mayai. Kinyesi cha ng'ombe yule mwenye ini bovu nilikipima kwa maji ya chumvi mara mbili, ili mayai yaelee juu, sikuona kitu, nikailaumu hadubini. Kumbe mayai ya minyoo hawa ni mazito, hayaelei. Nikachuja kwa chujio la chai (jipya, msiogope), nikaacha yatuame, nikamwaga maji ya juu, nikarudia mpaka yakatakata. Tone la rangi ya methilini buluu likapaka uchafu. Mayai ya Fasciola yakabaki rangi ya dhahabu, ya mwenziwe wa tumbo kubwa meupe ya kijivu.

Nikamwita mzee achungulie.

"Haya ndiyo yanayoshuka bondeni kwenye mpunga?"

"Ndiyo, mzee. Yakianguliwa majini, kilichomo humtafuta konokono."

Akanyamaza kidogo. "Ng'ombe zangu hunywa huko huko."