Pete ya kikombe kwa kiti cha kukunja

Wiki nzima niko karakana huku Kariobangi nahangaika na kitu kidogo tu, pete ya kushika kikombe kwa vile viti vya kukunja vya uwanja na ukumbi. Shida iko hapa, yale majukwaa ya kukunjika yanayobeba hivyo viti, safu zake huingia moja chini ya nyingine kama droo, sasa kitu chochote kikitokeza mbele kinakwama ama kinavunjika, lazima pete yenyewe ijikunje. Nimeweka bawaba yenye springi, ukitoa kikombe inapanda yenyewe inalala bapa kwa mgongo wa kiti, aki nilifurahi sana.

Vipimo navyo, mkebe wa soda wa mililita 330 upana wake ni kama milimita 66, lakini kikombe cha karatasi ni kipana juu chembamba chini, kwa hivyo nimeacha milimita 80 na kisahani chini chenye tundu, kwa sababu soda ikituama hapo inanata na sisimizi wanajaa. Na watu wakitoka kwa haraka goti la mtu lisigonge chuma, hiyo sikubali kabisa. Kesho fundi wa kuchomelea anaiangalia.