Betri ya saa ya ukutani na gesi ya pili

Mpemba wa dukani pale Barabara ya 12, Ngamiani, alidhani saa yangu ya ukutani imelogwa. Kila baada ya wiki mbili tatu nafika, nanunua betri moja ya saa ya ukutani, naondoka. Juzi uvumilivu ukamshinda: "Kaka, hiyo saa si uitupe tu ununue nyingine?" Nikaitoa mkobani nikamwekea juu ya kaunta. Nene kama kipande cha sabuni, ina mikanda miwili ya mpira. Nikachukua sarafu yake ya shilingi 200, nikafungua kifuniko cha ubavuni, betri ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, kioo kikawaka. Akaniuliza inaonyesha saa ngapi. Nikamwambia kazi yake hasa si saa, ni kuonyesha nitatoka lini majini.

Betri hiyo ni nusu ya sababu iliyonifanya nichague Perdix, kompyuta ya mkononi ya wazamiaji. Nusu ya pili ni ndefu kidogo.

Mie kazi yangu ni maji. Nakagua minyororo ya maboya, natoa nyavu zilizonasa miambani, na wageni wakija nawateremsha upande wa Yambe na Karange wakaone matumbawe. Kwa kazi hizo kompyuta yangu ya kwanza ilinitosha miaka sita: gesi moja, hewa ya kawaida au nitroksi 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni ikafika asilimia 32, kina kisizidi mita 30. Halafu wakaja watafiti wanaotaka picha za mteremko wa mwamba kwenye mita 40 hadi 45. Huko gesi moja inakutoa, lakini inakutoa polepole mno.

Ukikaa chini sana na muda mrefu, naitrojeni ya kwenye hewa inaingia mwilini kama chai inavyoingia kwenye mkate wa mofa. Kuitoa lazima upande kwa vituo, kama daladala ya Sahare: mita 9 simama, mita 6 simama, mita 3 simama sana. Ukifika mita 21 ukabadilisha mtungi ukavuta gesi yenye oksijeni asilimia 50, naitrojeni inatoka haraka zaidi na vituo vinafupika. Lakini gesi hiyo hiyo ukiivuta kwenye mita 40 ni sumu, unaweza kupata degedege mdomo ukiwa ndani ya maji. Ndiyo maana kompyuta inatakiwa ijue gesi zaidi ya moja, na ijue kila moja unaivuta wapi.

Mjomba wangu alizamia jongoo wa baharini kwa mpira wa kompresa, hana geji wala saa. Mguu wake wa kulia anauburuta hadi leo. Nyumbani walisema kapigwa na shetani wa baharini, wakamzungusha kwa waganga mpaka Pangani. Shetani mwenyewe ndiyo hiyo naitrojeni.

Sasa, wauzaji. Ukiulizia kompyuta ya gesi nyingi, cha kwanza wanachokutajia ni idadi. Hii gesi tatu, hii tano. Mie nilihitaji mbili: hewa ya chini na 50 ya kupandia. Labda siku moja ya tatu, oksijeni tupu, ambayo mwisho wake ni mita 6. Kwa hesabu hiyo hata Peregrine, ndugu mdogo wa Perdix, ingenitosha. Inabeba nitroksi tatu na bei yake ilikuwa takriban nusu. Haikubali heli, lakini heli naijua kwenye maputo ya harusi tu. Iliyonirudisha nyuma ni betri yake ya ndani, inayochajiwa kwa kuilaza juu ya kisahani cha umeme. Umeme wetu mnaujua. Kompyuta yangu ya kwanza nayo ilikuwa na betri ya kidonge iliyotakiwa kubadilishwa na fundi, na fundi mwenyewe hayupo Tanga. Ilikaa Dar wiki tano, msimu mzima wa maji masafi ya kaskazi ukanipita nikiwa bandani nashona nyavu.

Lakini somo kubwa sikulipata kwa muuzaji. Nililipata kwenye kompyuta ya kuazima, siku ya maji mafu, bahari imetulia kama sinia. Tulijiandaa vizuri: mitungi pacha mgongoni, mtungi mdogo wa 50 ubavuni. Tukiwa botini regileta ya mtungi mdogo, kile kifaa cha kuvutia gesi, ikaanza kuvuja, fyuuu, haizibiki. Tukakubaliana tuuache, tushuke na hewa peke yake, tusizidi dakika 25. Mitungi pacha ilikuwa na hewa ya kutosha, hesabu tulifanya. Kitu kimoja sikufanya: sikuizima ile 50 kwenye kompyuta.

Chini, mita 42, kazi ikaenda sawa. Naangalia mkononi: kutoka hapa mpaka juu, dakika 14. Nikaona leo mambo mepesi. Tukaanza kupanda. Kufika mita 21 kioo kikabadilika rangi, kinaniambia nibadilishe gesi. Nikacheka ndani ya barakoa. Gesi gani, nawe! Mara kicheko kikanikauka, kwa sababu nilielewa zile dakika zilitoka wapi. Kompyuta ilikuwa inapiga hesabu ya mtungi uliobaki kwenye sakafu ya boti. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikaizima ile 50. Dakika zikaruka zikawa 23.

Hewa ilikuwepo, tukasimama vituo vyote, tukatoka wazima. Lakini zile dakika tisa nilizining'inia kwenye kamba nazihesabu moja moja, nikiwaza kama tungekuwa na mtungi mmoja kila mtu. Na Tanga hatuna chemba ya presha, chumba cha kumtibia aliyepigwa na naitrojeni. Ukipigwa, mpaka uvuke maji.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kompyuta gani, simuulizi gesi ngapi. Namuuliza: ukiwa mita 30, glavu mkononi, mkondo unakuvuta, unaweza kuzima gesi uliyoipoteza? Mibonyezo mingapi? Maana chombo hakinusi. Hakijui mdomoni umeweka nini, kinaamini ulichokiambia. Nyingine zikishaingia majini hazikuruhusu kugusa orodha ya gesi. Nyingine ukiruka kituo kimoja zinakununia saa 48, zinakataa kukupigia hesabu, mithili ya mke mkubwa. Za namna hiyo mie sizitaki hata za bure.

Pia tazama ndani yake kuna hesabu gani. Ya kwangu inatumia hesabu ya naitrojeni iitwayo Bühlmann, na namba za tahadhari naziweka mwenyewe, 30 kwa 70, sawasawa na mwenzangu. Zamani kila mmoja alikuwa na chombo chake na hesabu yake. Mmoja anaambiwa atoke, mwingine asubiri dakika nane, mnabaki mnatazamana kama mabubu.

Watu wa soko la samaki la Deep Sea wakisikia gesi nyingi wanauliza swali moja: "Sasa utakwenda kumuona silikanti?" Ndiye yule samaki wa kale wa kilindini. Hapa kwetu samaki huyo tuna hifadhi yake ya bahari tangu 2009, na wavuvi wamemnasa kwenye jarife mara nyingi. Kumfuata mwenyewe ni habari nyingine. Sodwana Bay, Afrika Kusini, wazamiaji walimkuta mwaka 2000 kwenye kina cha mita 104, na waliporudi kumpiga picha mmoja wao alifariki. Mie nawajibu silikanti nitamuona kwenye barafu.

Hii Perdix niliinunua mtumba kwa mtafiti aliyekuwa anarudi kwao. Kioo kina mkwaruzo mmoja, hauzibi namba. Kwenye kila mtungi sasa nabandika plasta pana, naandika kwa maka nyeusi kilichopimwa siku ile na mwisho wake: 50, mita 21. Na kabla boti haijatoka Raskazone, tunasomeana kwa sauti. Binti anayejifunza kwangu ndiye anayeanza, maana macho yake makali, na hacheki hata wavuvi wakimuiga.

"Moja: hewa. Imewashwa."

"Haya."

"Mbili: hamsini." Anageuka anautazama mtungi, anausukuma kwa mguu kuhakikisha haujafungwa kwangu. "Leo haushuki. Zima, kaka."

Nazima.