Nililia Yanga, wakadhani nalilia HSV

Mei 28, 2023 ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi hapa Hamburg. Nilikuwa nimeomba kubadilishiwa zamu. Mkuu wangu akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, kuna fainali. Akacheka, akasema hata yeye angependa kukaa nyumbani aangalie HSV.

Hakunielewa, na simlaumu. Siku hiyohiyo HSV, timu ya mji huu, ilikuwa Sandhausen ikitafuta kurudi ligi kuu ya Ujerumani, ambako ilishuka 2018. Wazee walijaa sebuleni na skafu shingoni. Mimi simu nimeiegemeza kwenye birika, juu ya kitoroli cha chai, sauti nimezima, naangalia Yanga na USM Alger ya Algeria pale kwa Mkapa, uwanjani Dar. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya kwanza. Kabla ya hapo, mara ya mwisho klabu ya Tanzania kucheza fainali ya Afrika ilikuwa 1993, nao ni Simba, wakapigwa 2-0 hapohapo Dar na Stella Abidjan. Hilo sisi Wananchi, watu wa Yanga, hatuchoki kulikumbusha.

Mahious wa USM alitutangulia kipindi cha kwanza. Dakika ya 82 Mayele wetu akasawazisha. Niliruka, kikombe kikapinduka, chai ikaogelesha biskuti zote. Bibi mmoja akanipigia makofi bila kujua ya nini. Nikainama kufuta. Nainuka na kitambaa mkononi, nakuta 2-1. Merili, dakika ya 84. Lile bao sikuliona, nililikuta.

Basi nikaendelea kumimina chai na uso wangu wa msiba katikati ya watu wenye furaha, maana wao walikuwa wanaongoza 1-0. Mpira ukaisha Sandhausen, mashabiki wakamwagika uwanjani, sebuleni watu wakakumbatiana. Kumbe kule Regensburg mechi ya wapinzani wetu wa kupanda bado inachezwa. Heidenheim, waliokuwa nyuma 2-0, walikuwa wamerudisha moja, kisha wakapata mabao mawili ndani ya dakika za nyongeza, wakashinda 3-2 na kupanda wao. Sebule ikanyamaza, ukawa unasikia friji ikinguruma. Mwenzangu wa zamu akanitazama, akanishika bega. "Usilie, bado tuna mechi ya mchujo." Nikazipokea rambirambi zake. Ningemweleza nini?

Juni 3 niliangalia marudiano chumbani, peke yangu. Djuma Shabani akafunga penalti dakika ya 7, nikasimama. Sikukaa tena mpaka filimbi ya mwisho. Tulishinda 1-0 Algiers kwenyewe, jumla 2-2, na kombe wakabeba wao kwa goli la ugenini: jumla ikilingana, anashinda aliyefunga mengi zaidi kwa mwenzake. Huku Ulaya UEFA waliifuta sheria hiyo 2021. CAF, wenye soka la Afrika, walikuwa bado nayo. Lakini nisijifiche nyuma ya sheria. Kombe tulilipoteza zile dakika mbili za Dar, sisi bado tunatetema kushangilia bao la Mayele, wenzetu wameshaanza mpira.

Saa hiyohiyo ikaingia sauti ya WhatsApp kutoka kwa shemeji yangu wa Tandika, Simba wa kufa. Nusu nzima ni kicheko. "Shem, utopolo ni nyie tu, mnashinda halafu mnalia!" Utopolo ndilo jina lao la kutukejeli Yanga. Nikamjibu, "Nyamaza, Mwakarobo." Ndivyo tunavyowaita Simba kwa kuishia robo fainali; Aprili tu Wydad wa Morocco walikuwa wamewatoa hapo kwa penalti. Akacheka tena, akaenda kulala. Ndipo chumba kikawa kikubwa. Ningekuwa nyumbani, alfajiri angegonga mlango na jezi yake nyekundu, angekunywa chai ya mke wangu huku ananisimanga, jioni kijiweni wangempokea wengine. Kufikia Ijumaa maumivu yangekuwa yameshatafunwa na mtaa mzima. Hapa niliyatafuna mwenyewe, na jirani aliniuliza tu kama mashine ya kufulia iko wazi.

Juni 6 nikarudi kazini. Usiku uliotangulia HSV walikuwa wamepoteza mchujo: Stuttgart waliwafunga 3-0 kule, 3-1 hapa. Mzee mmoja, ambaye humwambii kitu kuhusu ubingwa wa Ulaya wa 1983, alikuwa dirishani na skafu yake bado. Akaniuliza kwa nini nimenuna kuliko yeye. Nikachukua karatasi ya kufutia mikono nikamwandikia: 1-2, 1-0.

Akajumlisha kwa kidole. "Sare."

"Goli la ugenini," nikamwambia.

Akaniangalia, macho yakaanza kung'aa. 2014, akasema, HSV walikuwa wanashuka daraja. Mchujo na Greuther Fürth: 0-0 hapa, 1-1 kule. Wakabaki ligi kuu kwa goli la ugenini. "Sheria nzuri sana ile!" Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimletee maji. Wakati anakunywa bado ananinyooshea kidole, na kila nilipopita na kitoroli siku ile alinyanyua vidole viwili, halafu kimoja.

Kesho yake nikamletea biskuti mbili za ziada.